Kutoka Spana Hadi Saini: Mhandisi Anakuwaje Meneja

Pita kwenye ofisi za umma za Mbeya mjini asubuhi ya siku ya kazi, hesabu wanaoitwa mameneja, kisha uliza wamesomea nini. Meneja wa mkoa wa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ni mhandisi. Meneja wa wilaya wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ni mhandisi, wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ni mhandisi, na TANESCO, shirika la umeme, nako mara nyingi ni hivyo hivyo. Nenda kwenye kiwanda cha saruji kule Songwe, panda kwenye viwanda vya chai vya Rungwe, shika njia ya Mufindi hadi kwenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kote utamkuta mtu mwenye dhamana ya mitambo yote na mafundi wote. Kijana wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, anawaona watu hao tangu akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Anaona gari, anaona ofisi, anaona kizibao kinachoakisi mwanga, na anauliza: mimi nitafikaje pale?

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na kwa miaka mingi nililijibu vibaya kwa sababu nililijibu kama swali moja. Kumbe humo ndani yamefungwa manne. Kuna swali la cheo: nani anateua, na anateua kwa vigezo gani. Kuna swali la usajili, yaani sheria inakuruhusu kufanya nini. Kuna swali la shule: nirudi kusoma au nisirudi, na nikirudi nisome nini. Na chini ya hayo yote kuna swali ambalo vijana hawaliulizi kabisa: kazi yenyewe ni ipi? Meneja wa uhandisi akifika ofisini saa moja na nusu asubuhi, anafanya nini hadi jioni? Naanza na hilo, maana ukilikosea hilo mengine yote utayapanga kombo.

Nilipewa kitengo cha matengenezo cha kiwanda kimoja cha chai nikiwa na miaka minne tangu nimalize chuo. Ilikuwa Machi, mvua zimekolea, majani yanaingia mchana na usiku. Anayeijua chai anajua kwamba jani likishachumwa halikusubiri. Linatandazwa kwenye vitanda vya kunyaushia na kupulizwa upepo kwa saa kumi na mbili na zaidi, linakatwakatwa, linaachwa lichachuke kwa muda unaohesabiwa kwa dakika, kisha linaingia kwenye kikaushio. Mnyororo huo ukikatika mahali popote, kilichoko nyuma yake kinaharibika.

Usiku mmoja beringi ya mashine ya kukatia ilianza kulia. Nilivaa ovaroli, nikashika spana, nikalala chini ya mashine. Mafundi sanifu wanne walisimama wamenimulikia tochi. Saa kumi alfajiri mashine ikazunguka, nami nikaenda nyumbani na grisi hadi kwenye viwiko, nimeridhika kabisa na nafsi yangu. Siku tatu baadaye ikavunjika beringi ya feni ya kikaushio. Stoo hakuna. Saizi ile ilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na hata ukiagiza ije na basi utaipokea kesho yake. Ombi la kuinunua mtunza stoo alikuwa ameliandika siku tisa kabla. Lilikuwa mezani kwangu, chini ya kitabu cha maelekezo ya mashine, halijasainiwa.

Tani kumi na nne za majani ziliharibika na kumwagwa. Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne hadi tano za majani mabichi, kwa hiyo tulimwaga kama tani tatu za chai. Kesho yake malori hayakwenda kuchukua majani, na wakulima wadogo waliokwisha kuchuma wakabaki nayo vituoni yakigeuka rangi. Fundi mkuu, mzee wa Ifunda aliyenizidi miaka ishirini na tano, hakunigombeza. Alinisalimu "Kamwene, Injinia," akavuta kiti, akasema: "Ile beringi ya juzi hata huyu kijana angeiweka. Hii ya leo ni wewe tu ungeileta."

Mpaka leo sijasikia maelezo ya kazi hii yanayoyapita hayo. Mhandisi anapimwa kwa kazi aliyoifanya. Meneja wa uhandisi anapimwa kwa kazi iliyofanywa na mikono ya wengine, kwa spea alizozileta yeye, kwa muda alioupanga yeye, kwa fedha alizozipigania yeye. Ikiharibika, jina linaloandikwa ni lake, hata kama hakuigusa. Kwa hiyo usiifikirie kama ngazi ya mwisho ya uhandisi, ile unayoipanda baada ya kuzimaliza nyingine. Ni kazi ya namna nyingine, na inajifunzwa kama ulivyojifunza kuchora au kupiga hesabu za mhimili.

Sasa mtu anaweza kuuliza: kama kazi ni kusaini, kupanga na kupigania fedha, kwa nini asipewe mhasibu? Nitajibu kwa mfano wa zege, kwa sababu kwenye zege jibu linaonekana kwa macho.

Chukua jengo la ghorofa moja linalojengwa Njombe mwezi wa Julai. Usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, na kuna asubuhi nyasi zinakuwa na barafu. Nguzo za chini zimemwagwa kwa zege linalotakiwa kufikia nguvu ya newtoni 25 kwa milimita ya mraba likifikisha siku 28. Kawaida kyubu, yaani vipande vya zege lile lile vilivyotengwa kwa kipimo, zikivunjwa maabara siku ya 7 hutoa kama theluthi mbili ya nguvu hiyo, yaani 16 au 17. Majibu yanakuja: 13. Mkandarasi ameshafunga mirunda na mbao za kumwagia sakafu ya juu, mirunda imekodiwa kwa siku, vibarua thelathini wamekaa kwenye kokoto wanasubiri, na simu ya mteja inaita.

Anayejua fedha peke yake ataona gharama ya kusubiri na atasema mwageni. Anayejua vitabu peke yake ataona 13 na atasema bomoeni. Mhandisi aliyekomaa katika uongozi anaanza kwa kuuliza: hizo kyubu zililala wapi? Zikiwa zililala nje, chini ya turubai, badala ya kuzamishwa kwenye maji yenye joto linalotakiwa, basi zimetueleza habari zake zenyewe zaidi kuliko habari za nguzo. Lakini hapo hapo anajua kwamba nguzo nayo ilipigwa na baridi ile ile, na zege kwenye baridi hukomaa taratibu. Kwa hiyo haamini kipimo, na hapuuzi kipimo. Anazuia mzigo wowote usiongezwe juu ya nguzo. Anauliza kama zipo kyubu za akiba za kuvunjwa siku ya 14. Anaagiza nguzo zenyewe zipimwe kwa nyundo ya kupimia ugumu wa zege. Na wale vibarua thelathini anawahamishia mchana ule ule kwenye mitaro ya maji ya mvua na ukuta wa uzio, kazi ambazo ratiba ilizipanga mwezi ujao.

Uamuzi huo wa mwisho, wa kuwahamisha watu, ndio umeneja. Lakini asingeweza kuufanya bila kujua zege. Mhasibu angehitaji kuuliza mtu, na mtu huyo ndiye angekuwa meneja kwa kweli, cheo kikiwa kwa mwingine. Hapo ndipo penye fundo: uhandisi unakuambia ni maamuzi gani yanawezekana, na uongozi ni kuchagua mojawapo kabla siku haijaisha, huku ukijua wazi kwamba taarifa zako hazijakamilika. Kijana aliyezoea mitihani ya chuo, ambako swali huja na takwimu zake zote, anapata shida sana hapa. Wapo wahandisi wenye akili kupita mimi walioshindwa umeneja kwa sababu hiyo tu: hawakuweza kuamua wakiwa na nusu ya taarifa.

Jambo la pili ambalo vyuo vinaligusa juu juu ni mkataba. Nalipa uzito kwa makusudi, kwa kuwa nimeona makandarasi wa huku kwetu wakifilisika wakiwa wamejenga vizuri. Miradi mingi mikubwa ya barabara na maji inafuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na kitabu chao cha 1999 kinachojulikana kwa jalada lake jekundu kinajulikana saiti nyingi. Kifungu cha 20.1 kinasema mkandarasi anayetaka kudai muda au fedha za ziada atoe taarifa ya maandishi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lililomletea dai. Siku 28 zikipita bila taarifa, muda hauongezwi na fedha hazilipwi, hata kama dai lilikuwa la haki tupu.

Ona linavyofanya kazi Rungwe. Mvua imekata njia ya kwenda kwenye machimbo ya kokoto kwa wiki tatu. Mhandisi wa saiti anahangaika na kijiko na greda, anafungua njia, anafanya kazi ya kishujaa. Hakuandika barua. Miezi miwili baadaye anapokumbuka kudai siku zake, dirisha limefungwa. Na hata angewahi, angekutana na kizingiti kingine: kwa masharti hayo, hali ya hewa mbaya humpa mkandarasi muda wa ziada, haimpi fedha, na ni lazima iwe mbaya isivyo kawaida. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua ambayo Dodoma ingekuwa habari ya taifa, Tukuyu ni Aprili ya kawaida. Mkandarasi aliyeweka bei bila kujua hilo amejitia kitanzi siku ya zabuni. Meneja mzuri angekuwa ameshapanga kuvusha kokoto za miezi mitatu kabla ya Machi, na angekuwa na daftari la saiti linaloonyesha milimita za kila siku.

Kwa hiyo ukiniuliza kijana aanze kujifunza nini kabla ya kupewa cheo chochote, nasema kuandika. Kumbukumbu za kila siku, barua ya mistari mitano inayoeleweka, taarifa yenye tarehe. Sisemi hivi kwa sababu napenda makaratasi. Meneja hawezi kuwapo saiti zote, na kinachomwakilisha asipokuwapo ni kile kilichoandikwa.

Kuna mfano mkubwa zaidi unaopita mbele ya macho yetu hapa Nyanda za Juu Kusini, nao ni reli ya TAZARA. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, na kipande cha Mlimba hadi Makambako kikiwa ndicho kigumu kuliko vyote, kwa madaraja na mahandaki yaliyofuatana kwenye miteremko ya udongo tepetepe. Kuijenga ilikuwa kazi kubwa ya uhandisi, na ilifanyika kabla ya muda uliopangwa. Lakini reli hiyo haijawahi kufikia kiwango cha mizigo ilichosanifiwa kubeba. Sababu ni nyingi, nyingine za siasa na za mtaji na za ushindani wa malori. Hata hivyo ukikaa na wastaafu wa reli pale Mbeya, hadithi zao zinarudi palepale: vichwa vya treni vilivyokaa vikisubiri spea, tuta lililomomonyoka likachelewa kutengenezwa, fedha za matengenezo zilizokwenda kwingine. Kujenga kuna siku ya kukata utepe. Kutunza hakuna sherehe, na sehemu kubwa ya umeneja wa uhandisi ni kutunza. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Kijana wa Makambako au Vwawa anayetaka umeneja asifikirie ajira ya ujenzi peke yake. Afikirie miaka thelathini ya baada ya ujenzi.

Sasa nirudi kwenye cheo, kwa sababu huko nako kuna mkanganyiko wa kweli. Katika utumishi wa umma kuna vyeo vya aina mbili, na watu wanavichanganya kila siku. Kuna cheo cha muundo: unaajiriwa Mhandisi Daraja la II, unapanda Daraja la I, unakuwa Mwandamizi, unafika Mhandisi Mkuu. Hiki unakipanda kwa miaka, utendaji na sifa, na hakikufanyi kuwa bosi wa mtu. Halafu kuna cheo cha madaraka: meneja, mkuu wa kitengo, mkurugenzi. Hiki unateuliwa, na aliyekuteua anaweza kutengua. Nimeona Mhandisi Mkuu akiongozwa na Mwandamizi, na nyumbani kwao wakadhani ameshushwa. Hakushushwa. Walikuwa kwenye ngazi mbili tofauti.

Faida ya kulijua hili ni kwamba unaweza kuchagua. Anayependa mahesabu ya madaraja au tabia ya udongo wa volkano wa Rungwe anaweza kupanda ngazi ya taaluma maisha yake yote, akawa bingwa anayeitwa kila panapokuwa na tatizo, bila kusimamia likizo ya mtu hata mmoja. Nchi inamhitaji mtu huyo kuliko inavyomhitaji meneja asiyeitaka kazi yake. Kwa watu binafsi mpaka kati ya ngazi hizo hauko wazi hivyo. Kiwandani mara nyingi mshahara ukitaka upande ni lazima ukubali kuongoza, na naona hilo ni kosa la waajiri, kwa sababu linawasukuma watu mahali wasipopataka.

Katika utumishi wa umma, mlango wa madaraka mara nyingi ni kukaimu. Bosi anakwenda likizo au anahamishwa, na barua inakuja: utakaimu nafasi ya fulani kuanzia tarehe fulani. Wengi huichukulia kama kushikia kiti. Mimi nakushauri uifanye kazi kamili, ila ukiwa na daftari: kila uamuzi uliofanya, kwa nini, na nini kilitokea. Siku ya usaili, hilo daftari litakusaidia kuliko vyeti.

Usajili sasa. Hapa sheria haina utata, ingawa vijana wanauchelewesha kana kwamba ni hiari. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 iliipa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kazi ya kusajili na kusimamia mwenendo wa wahandisi. Ukimaliza digrii unasajiliwa kama Mhandisi Mhitimu. Baada ya uzoefu chini ya uangalizi unaomba kuwa Mhandisi Mtaalamu, na mbele zaidi kuna Mhandisi Mshauri. Bodi ina mpango wa mafunzo wa miaka mitatu kwa wahitimu, SEAP, ulioanza mwaka 2003, ambao unampitisha kijana kwenye kazi halisi chini ya mhandisi mlezi. Ukipata nafasi humo usiiache, hata kama posho ni ndogo na kituo ni cha mbali.

Uhusiano wa usajili na umeneja ni mmoja: saini. Meneja ndiye anayeidhinisha michoro, hati za malipo ya mkandarasi, kibali cha kuwasha boila baada ya ukaguzi. Ukiwa hujasajiliwa, kuna karatasi ambazo huwezi kuziweka jina lako, na asiyeweza kusaini hawezi kubeba dhamana. Matangazo mengi ya nafasi za umeneja wa uhandisi serikalini yanataka mwombaji awe amesajiliwa kama mtaalamu. Niliwahi kumpoteza msaidizi hodari kabisa kwenye mchujo wa awali kwa sababu hiyo peke yake. Alikuwa na miaka tisa kazini, bado mhitimu kwenye daftari la bodi.

Shule ndiyo sehemu ambayo watu wanatumia fedha nyingi kwa kubahatisha. Machaguo makuu ni matatu. Kuna shahada ya uzamili ya biashara, ile MBA, ambayo mtu wa Mbeya anaweza kuisoma kwenye ndaki ya Mzumbe hapa hapa mjini huku akiendelea na kazi. Kuna shahada ya uzamili ya usimamizi wa uhandisi, inayotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi umefundishwa tangu 1973. Na kuna vyeti vya kitaaluma vya usimamizi wa miradi, maarufu zaidi kikiwa PMP, ambacho mwenye digrii hawezi kukifanyia mtihani bila miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo.

Maoni yangu ni haya. Anayebaki kwenye miradi ya ujenzi aanze na cheti cha miradi, kwa kuwa kinamlazimisha awe ameongoza kwanza. Anayeelekea kuongoza kiwanda au mamlaka ya maji, ambako atasimamia fedha, masoko na watu wasio wahandisi, MBA itamfungua macho kuhusu mizania na mtiririko wa fedha. Usimamizi wa uhandisi ni njia ya kati, nzuri kwa aliyekwisha kuwa na kitengo. Ninachokipinga kwa nguvu ni kuunganisha: digrii ya kwanza, kisha uzamili moja kwa moja, bila kukanyaga saiti. Darasani watakufundisha namna ya kutatua mgogoro wa wafanyakazi, nawe hujawahi kuwa na mfanyakazi. Maneno yatapita tu.

Limebaki la watu, na nimeliacha huku kwa sababu ndilo linalonigusa zaidi. Mhandisi wa miaka ishirini na saba anayepelekwa Mafinga au Makete atakuta mafundi wenye umri wa baba yake. Wanaijua mitambo kwa sauti. Mzee anaweka mkono juu ya mota na kukuambia wiki hii haitaisha. Wapo vijana wanaofika na cheo wakadhani wakisema "Shikamoo, mzee" watapoteza mamlaka. Ni kinyume. Amkia, tena ukijua salamu ya hapo ulipo itoe, kamwene kwa Wahehe na Wabena, ugonile kwa Wanyakyusa. Uliza, sikiliza hadi mwisho. Kisha, likifika la kuamua, amua wewe, mbele ya wote, na likiharibika usitafute wa kumrushia. Wazee hawamkatai kijana anayeamua. Wanamkataa anayewauliza faraghani halafu akajitapa hadharani.

Na kuna jambo moja ambalo ni lako peke yako hata mzee akisema vingine: usalama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtazama mwajiri, na mwajiri pale kiwandani ana sura yako. Fundi mzoefu atakuambia amesafisha rola bila kuzima umeme kwa miaka ishirini na vidole vyake vyote vipo. Mpe heshima yake yote, na uzime umeme. Nililisema hilo kwa sauti ya juu mara moja tu katika maisha yangu ya kazi, na sikuomba radhi.

Mwaka jana idara yetu ilimpokea dada mmoja, mhandisi mhitimu kutoka MUST. Wiki ya kwanza aliniuliza lini ataanza kushika mashine kubwa. Nilimpeleka stoo. Akae miezi mitatu na mtunza stoo, ahesabu kila beringi, kila mkanda, kila sili ya pampu, aandike inatoka wapi, inachukua siku ngapi kufika, na ikikosekana kipi kinasimama. Najua hakufurahi. Mwisho wa mwezi wa pili aliingia ofisini kwangu na karatasi mbili zilizochapwa vizuri, akaniwekea moja mbele yangu.

"Shikamoo, Injinia. Feni ya kikaushio ina beringi mbili. Stoo tunayo moja, na ya kutoka Dar inachukua siku nne, siyo moja kama ilivyoandikwa. Ombi nimeshaliandaa. Unasaini sasa hivi, au nikusubiri hapa?"